Nyumba ya Kusubiria

Dar es Salaam,
12 Januari 1996

Kaka Hamidu, shikamoo.

Natumaini wewe, wifi Rahima na watoto mko wazima hapo Mugumu. Mimi mzima, na leo nina furaha iliyonizidi, lazima nikugawie.

Wamekubali. Ile nyumba niliyoichora mwaka wangu wa mwisho chuoni, ya wajawazito wa vijiji vya mbali kukaa wakisubiri siku zao karibu na zahanati ya Nyansurura, itajengwa kweli. Wafadhili waliuliza nani atasimamia kazi. Nikawaambia kaka yangu ni fundi, anajua mbao na anajua matofali, na hajawahi kuacha kazi ya mtu njiani. Kwa hiyo, kaka, nimekutaja kabla sijakuuliza. Unisamehe.

Michoro nimeifunga kwenye bomba la plastiki pamoja na barua hii. Karatasi ya kwanza ni nyumba nzima. Utaona kwamba paa halilali juu ya kuta. Linasimama kwenye nguzo zake, na kati ya bati na ukuta kuna nafasi ya upepo kupita, ili joto la mchana lisibaki ndani. Kuta ni za matofali ya kuchoma, na sehemu ya juu tofali moja linawekwa, moja linaachwa, ili mwanga uingie kwa matundu. Karatasi ya pili ni vitanda vinane vya mbao, kila kimoja na rafu yake ya vitu. Ya tatu ni madirisha makubwa yanayotazama barabara, mtu aliyelala aone watu wakipita asijione mfungwa.

Nimeichora nyumba hii kwa ajili ya mahali pale, kaka. Nilipewa vipimo vya kiwanja, picha za zahanati na hesabu za mvua. Mengine mwulize Dada Agustina, muuguzi wa pale. Yeye ndiye aliyeandika ombi la kwanza.

Niandikie kila hatua. Nataka nione kwa macho yako.

Mdogo wako,
Samira


Mugumu,
4 Februari 1996

Mdogo wangu Samira,

Nimeandika barua hii nikiwa na swaumu na mikono ina udongo, kwa hiyo usishangae alama kwenye karatasi.

Msingi umekwisha. Tulichimba siku sita. Upande wa mashariki tulikuta mwamba, tukawasha moto juu yake na kumwaga maji mpaka ukapasuka, kama wanavyofanya watu wa huku. Matofali yanachomwa kule kwenye kijito na kina mama wa kijiji ndio wanaoyabeba. Wanaimba. Mimi wimbo wao siuelewi, ni Kikurya kitupu, lakini naona wakinitazama wanacheka, basi najua niko ndani yake.

Dada Agustina amekwenda Musoma kwenye mafunzo, hatarudi mpaka baada ya Pasaka. Zahanati amebaki mhudumu tu. Kwa hiyo wa kumwuliza hayupo.

Nina maswali mawili. Juzi bibi mmoja alisimama juu ya msingi akaniuliza, "Fundi, huyu mjamzito analala hapa. Mama mkwe wake aliyemleta analala wapi?" Nikamwonyesha mchoro. Akautazama sana, akasema, "Sijamwona." La pili ni madirisha. Barabara ile ndiyo ya mnadani, siku ya mnada wanaume wote wanapita pale na ng'ombe. Wanawake wanasema hawatakaa na matumbo yao kwenye dirisha kama bidhaa. Wewe unasemaje?

Habari nyingine ni dhahabu. Ng'ambo ya Mto Mara watu wamepata mwamba mpya, na kila anayejua kushika sururu anavuka. Vibarua wangu wawili hawakuja tangu Jumatano. Nimebaki na wanne.

Wifi yako anakusalimu.

Kaka yako,
Hamidu


Dar es Salaam,
22 Februari 1996

Kaka Hamidu, shikamoo, na Idd njema.

Msingi umenifurahisha sana. Nimewasomea wenzangu ofisini habari ya kupasua mwamba kwa moto.

Kuhusu maswali yako. Wanaosindikiza hawamo kwa sababu nafasi ni ya watu wanane. Tukiweka wasindikizaji watakuwa kumi na sita, na hewa niliyoipigia hesabu haitatosha. Wanaweza kupata hifadhi kijijini. Madirisha nayo yasiguswe. Upepo wa pale unatoka upande wa barabara, ukiyahamisha nyumba nzima inakufa. Wataweka pazia. Watu hukataa kitu kipya mpaka wakizoee, kaka, wewe mwenyewe unajua.

Mchoro umeshapitishwa. Naomba uufuate ulivyo.

Na habari za dhahabu zisikuharibie mafundi. Waambie nyumba hii itabaki hata dhahabu ikiisha.

Mdogo wako,
Samira


Mugumu,
17 Machi 1996

Mdogo wangu Samira,

Salamu. Kazi inaendelea vizuri. Kuta zimefika juu, matofali ya matundu yamepangwa moja linawekwa, moja linaachwa, na mwanga unaingia ndani vizuri. Nguzo za paa zimesimama. Kati ya bati na ukuta kutakuwa na nafasi ya upepo kupita, joto la mchana halitabaki ndani. Vitanda vinane viko tayari na rafu zake. Madirisha yanatazama barabara. Mwisho wa mwezi tutaezeka.

Sina mengi kwa leo.

Hamidu


Dar es Salaam,
2 Aprili 1996

Kaka Hamidu, shikamoo.

Barua yako nimeibandika ukutani mbele ya meza yangu. Ilikuwa fupi, lakini najua mtu anayeezeka hana muda wa kalamu.

Wafadhili wanataka kusikia kwamba nyumba imeanza kutumika. Kwa kuwa umesema bati linapanda mwisho wa Machi, nimemwandikia Dada Agustina huko huko Musoma, nikamwambia kuanzia katikati ya Aprili kina mama wanaweza kuja. Amejibu upesi. Amefurahi, na ameshapeleka habari kwa makanisa ya Busawe na vijiji vya jirani ili watangaziwe.

Kama kuna kilichobaki, hata kitasa, niambie. Nikisikia kimya nitajua kila kitu kiko sawa.

Mdogo wako,
Samira


Zahanati ya Nyansurura,
3 Mei 1996

Kwa Dada Samira,

Salaam. Hatujawahi kuonana, na ningependa barua yangu ya kwanza ndefu kwako iwe na habari nyingine.

Nilirudi kutoka Musoma tarehe 29 Aprili. Nyumba haipo. Kuna msingi, na kuta zinazofika usawa wa kiuno. Hakuna nguzo, hakuna bati, hakuna kitanda hata kimoja. Majani yameota ndani. Kaka yako hajaonekana hapa tangu baada ya Idd. Watu wanasema yuko machimboni.

Tarehe 23 alikuja mama mmoja wa Busawe, anaitwa Mokami, mimba yake ya tatu, mtoto wa kwanza yu hai na wa pili alimpoteza. Kwa sababu ya huyo wa pili, alipotangaziwa kanisani aliamua kuja mapema. Alisindikizwa na mama mkwe wake, Bibi Tabitha. Walitoka alfajiri, wakafika mchana na mvua. Wakaikuta hiyo niliyokueleza. Mhudumu wangu alikuwa na watoto wa surua chumba kizima, akawaambia hana mahali pa kuwaweka. Wangeweza kubisha hodi kwa mtu yeyote kijijini, lakini Bibi Tabitha anasema waliona aibu. Wametoka kwao wakiwa wameaga kwamba wanakwenda kwenye nyumba yao, wataanzaje kuomba hifadhi kwa watu wasiowajua? Wakageuza kurudi.

Uchungu ulimshika njiani. Kijito kilikuwa kimejaa, hawakuweza kuvuka wala kurudi haraka. Mtoto alitanguliza miguu. Alikuwa wa kiume. Bibi Tabitha alifanya alichojua. Watu waliokuwa na mkokoteni wa ng'ombe ndio waliomleta Mokami huku akiwa anavuja damu, na mtoto amefungwa kwenye kitenge, amekwisha kufa.

Mama yuko hai. Bado nimemlaza hapa, ana homa.

Sitaki kukudanganya kwamba paa lingemwokoa mtoto. Anayetanguliza miguu ni mgumu hata kwangu. Lakini angekuwa hatua hamsini kutoka zahanati, amelala, amekauka. Na mimi nilipeleka tangazo bila kumwuliza mtu yeyote aliyeko hapa kama amekiona nilichokitangaza. Hilo ni langu, nalibeba.

Agustina


Dar es Salaam,
20 Mei 1996

Hamidu,

Nimepata barua ya Agustina. Nakutumia kupitia kwa wifi, popote ulipo atakufikishia.

Nimeibandua barua yako ya Machi ukutani nikaisoma tena. "Tofali moja linawekwa, moja linaachwa." "Nafasi ya upepo kupita." Maneno hayo ni ya kwangu. Uliyanakili kwenye barua yangu ya Januari. Ile ya Februari ilikuwa na mwamba, ilikuwa na bibi, ilikuwa na nyimbo. Ile ya Machi haikuwa na mtu hata mmoja, na mimi sikuona.

Mtoto amekufa. Niandikie kama unajua.

Samira


Nyansurura,
9 Juni 1996

Mdogo wangu,

Najua. Nilijua kabla yako.

Nitakueleza yalivyokuwa. Ukifika mahali ukashindwa kuendelea, acha, lakini usiichane, kwa sababu sitaweza kuiandika mara ya pili.

Baada ya Idd nilibaki na vibarua wawili, halafu mmoja. Siku moja nikavuka mto kwenda kuwatafuta wale wengine niwarudishe. Nakuapia nilikwenda kwa nia hiyo. Niliwakuta kwenye duara, ndivyo wanavyoita shimo, wakanionyesha jiwe lenye mstari wa njano mwembamba kama uzi. Nikawaambia nitakaa siku mbili nione. Nilipoamka siku ya tatu sikujiuliza tena. Walihitaji mtu wa kupiga nguzo za kuzuia shimo lisibomoke, na mimi ni seremala. Wakanipa sehemu. Kila siku nilisema kesho narudi Nyansurura, na kila jioni mtu wa shimo la jirani alikuwa amepata.

Barua ya Machi niliiandikia juu ya kiroba cha mawe, mchoro wako na barua yako viko magotini. Nilidhani ninaandika kitakachokuwa kweli baada ya wiki mbili. Yako ya Aprili ilinifikia imechelewa, katikati ya mwezi, na nikasoma mara mbili pale pa kina mama kuanza kuja. Lakini bado sikuondoka. Nikasema nani atakuja na mvua hii.

Sasa sikiliza. Katika duara letu kulikuwa na kijana wa Busawe, Tomaso. Tulikuwa tunakula sahani moja. Mwezi wa tatu aliniambia mke wake ni mjamzito, na wa mwisho alimpoteza, ana wasiwasi. Mimi nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mura," ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana. "Nyansurura kuna nyumba ya kusubiria, mimi ndiye ninayeijenga, inakaribia kwisha." Akauliza, "Na wewe mbona uko huku?" Nikamjibu, "Kazi ya mwisho wanafanya vijana wangu." Alinishika mkono akanishukuru. Alimtumia mke wake salamu kwamba aende, hata kabla ya tangazo la kanisani.

Huyo mke ni Mokami.

Ndugu yake Tomaso alikuja shimoni asubuhi kumwambia. Nilikuwa chini, nasikia kila neno kwa sababu sauti inashuka. Huyo ndugu alisema, "Nyumba haikuwepo." Tomaso akasema, "Haiwezekani, fundi mwenyewe ameniambia." Nilikaa kule chini na nyundo mkononi mpaka wakaondoka.

Wiki mbili baadaye Tomaso alirudi kuchukua vitu vyake. Nikamfuata. Nikamwambia, "Tomaso, nilikudanganya. Niliiacha nyumba ikiwa kiunoni." Nilitegemea atanipiga, nilikuwa nimejiandaa, hata nilitaka. Alikunja blanketi lake polepole. Akasema, "Twende ukamwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia ni nani."

Nilikwenda. Mokami alikuwa ameshatoka zahanati, amekaa mlangoni kwake. Nikasema niliyokuja kusema. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani.

Bibi Tabitha ndiye aliyebaki. Alinipa kigoda. Sikustahili kigoda, lakini ukikataa kigoda kwa Wakurya umeongeza kosa. Akasema, "Fundi, hata ungeipaua, mimi ungeniweka wapi? Niliona ule msingi. Nilihesabu vyumba. Nilimwambia mkwe wangu, tukibaki hapa mimi nitalala na mbuzi. Na pale mbele, madirisha kama ya duka. Tungekuja mara moja, tusingerudi."

Nilimwambia ndivyo mchoro ulivyokuwa. Kisha nikakumbuka kwamba bibi wa Februari aliniambia hivyo hivyo, nami nilikuandikia, halafu sikukuandikia mara ya pili. Si kwamba nakulaumu. Nakueleza alivyosema tu.

Nimerudi Nyansurura tangu wiki mbili zilizopita. Nalala humo ndani ya kuta. Kina mama wanapita na maji, hawaimbi, hawanisalimu. Naomba usitume fundi mwingine. Sitaki ujira. Acha nimalize.

Hamidu


Dar es Salaam,
30 Juni 1996

Kaka Hamidu,

Shikamoo. Mara iliyopita sikuandika shikamoo, na kalamu ilikuwa imeshaanza herufi ya kwanza, nikaizuia.

Nilisoma barua yako yote. Sasa nisomee na yangu, na ukiimaliza usinione mwenye haki tena.

Barua ya Agustina niliipata Ijumaa tarehe 10 Mei. Jumamosi tarehe 11 nilikuwa na mkutano na wafadhili. Mfano wa nyumba, ule mdogo wa makaratasi magumu, ulikuwa mezani. Nilikuwa nimeshaisoma barua. Nilikuwa nayo ndani ya mkoba, mkoba uko begani. Nikasimama nikasema, "Kina mama wa Nyansurura wanalala sasa hivi katika hewa safi." Nilisema hivyo, kaka, kwa wakati uliopo. Nikasema nilishirikiana nao hatua kwa hatua, kwamba nyumba hii imetokana na wao. Mwanamume mmoja akauliza, "Uliwauliza nini hasa?" Nikamwambia niliwauliza kila kitu. Wakapiga makofi. Nikakaa. Nikanywa soda.

Nilikuandikia wewe baada ya siku tisa. Unadhani nilikuwa na hasira siku zote hizo? Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia bila kutaja tarehe.

Niliondoka Mugumu na miaka kumi na moja kwenda kwa shangazi. Nyansurura sijawahi kushuka kwenye gari. Nilipita mara moja, nimelala. Nikachora madirisha kwa sababu mwalimu wangu alipenda madirisha. Niliposoma "Sijamwona", alivyosema yule bibi, nilicheka na kuwasomea watu ofisini. Walicheka nao. Tulidhani hajui kusoma mchoro.

Jana nimekwenda kwa wafadhili nikawaambia ukweli wote, wa kwako na wa kwangu. Hawakupiga kelele. Yule mwanamume aliyeuliza alivua miwani akaifuta muda mrefu. Wamesema vifaa vilivyokwisha nunuliwa vitumike, lakini jina langu litaondolewa kwenye miradi yao mingine. Ofisini pia nimepewa likizo ambayo hawakusema inaisha lini.

Nakuja. Nitafika wiki ya pili ya Julai. Mchoro ulionao choma, au funikia saruji.

Samira


Nyansurura,
15 Septemba 1996

Mdogo wangu Samira,

Tangu uondoke ni wiki tatu, na umesema nikuandikie kila kitu pamoja na kibaya, basi naanza na kibaya. Kenchi ya pili ya paa ilipinda kwa sababu mbao ilikuwa mbichi, tumeishusha. Kibarua mmoja ameumia dole gumba. Ukuta wa mashariki una ufa mwembamba, nimeuwekea alama ya tarehe nione kama unatembea. Juma lililopita nilishikwa na uvivu siku nzima, sikufanya kitu, nilikaa.

Mazuri sasa. Ile mistari ya majivu waliyoichora Bibi Tabitha na wenzake chini siku ile ya Julai, huku wewe umekaa mavumbini na daftari umelifunga, imekuwa kuta. Vyumba vinne, kila kimoja cha wawili, anayejifungua na aliyemleta. Madirisha ya barabarani tumeyaziba tukayafungua nyuma, upande wa migomba, na juu karibu na paa tumeacha ile mistari yako ya matundu. Upepo unapita, Samira. Hesabu yako ya upepo haikuwa ya uongo. Ulikosea watu tu.

Vitanda vimekuwa vipana na vya chini. Ukutani nimepachika ule mti wa mviringo waliouomba, wa kushikia wakati wa uchungu, niliulainisha kwa msasa mpaka Dada Agustina akapitisha shavu lake juu. Jiko liko ndani ya uzio, mafiga matatu, na benchi la kuzunguka ukuta ili wakae wakipika. Benchi hilo hukulichora wewe wala mimi. Walikuja wakakaa kwenye rundo la matofali, wakasema hapa hapa, usiyaondoe.

Tomaso alikuja Jumatatu. Alibeba bati pamoja nami kutwa, hatukusema zaidi ya "shika" na "achia". Wakati wa kula alikaa upande wangu, lakini alikuwa na sahani yake.

Mokami hajaja.

Kaka yako,
Hamidu


Mugumu,
28 Oktoba 1996

Kwa Dada Mokami Mseti,
Busawe

Salaam sana.

Ni mimi Samira, dada wa fundi. Nilipokuja Julai nilifika kwako mara mbili, ukawa shambani. Nilielewa.

Nimehamia hapa Mugumu kwa kaka, nasaidia karakana yake kuchora na kupima. Nyumba itafunguliwa mwezi ujao. Nakuandikia kwa sababu nimesikia ulisoma mpaka darasa la saba, na sikutaka maneno haya yapitie kinywani mwa mtu mwingine.

Sisi wawili, kaka na mimi, tulikudanganya kwa karatasi. Yeye alidanganya kwamba ipo, mimi nilidanganya kwamba ni yako. Naomba radhi. Sijui kama neno hilo linafika.

Nilifikiri tuandike jina la mwanao mlangoni, ili kila anayeingia ajue. Kama hutaki, niambie, wala hutakuwa na haja ya kueleza sababu.

Samira


Busawe,
24 Novemba 1996

Kwa Samira,

Barua yako nimeipata. Nimekaa nayo muda kwa sababu ilikuwa wakati wa kupanda, na kwa sababu sikujua nikuite nani.

Jina usiandike. Mtoto hakufikia kupewa jina, na mimi sitampa sasa kwa ajili ya mlango wenu. Na sitaki mwanamke mwenye uchungu aingie pale akutane na kifo cha wangu mlangoni. Mwache aingie na wake.

Kuhusu radhi sijakujibu. Nikiwa na jibu utalipata. Nikikosa, utajua kwamba nilitafuta.

Shambani nilikuwa kweli ile mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuona ukija, nikakaa nyuma ya ghala mpaka ukaondoka. Mama mkwe alinigombeza. Nilikuwa nimevaa nguo ya kulimia, na nilijiambia huyu wa Dar es Salaam asinikute hivi. Halafu nikakasirika kwamba mimi ndiye ninayeona aibu.

Jumamosi nilikwenda mnadani na Tomaso. Wakati wa kurudi nilimwambia anisubiri na ng'ombe, nikaingia kwenye ile nyumba. Ilikuwa bado haina mtu isipokuwa kaka yako aliyekuwa anapaka mafuta milango. Alisimama na brashi mkononi, mafuta yanadondoka. Sikumsalimu. Nilipita vyumba vyote vinne. Nilikaa kwenye benchi la jikoni. Nilishika ule mti wa ukutani kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, haukucheza. Nililala kwenye kitanda kimoja nikatazama juu, nikahisi upepo unanipita usoni.

Ni nyumba nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuja nikitaka nikute mbaya.

Nilikaa pale mpaka Tomaso akaniita. Sijui kama nitakuja kulala humo siku nikipata mimba nyingine. Mama mkwe anasema nitakuja, yeye ameshachagua chumba chake. Mimi sijasema.

Lakini kitanda cha chumba cha tatu kiko juu sana. Mwanamke wa miezi tisa akikaa, miguu yake inaning'inia. Kikatwe vidole vinne. Nilimwambia kaka yako, akaitikia huku ametazama sakafu, akapima hivyo hivyo bila kuinua macho, akaweka alama ya vidole viwili. Nikamwambia tena. Akaweka viwili tena.

Mwambie akipime upya. Na mwambie nikija kukagua anitazame, nimwonyeshe kwa miguu yangu.

Mokami